Sindano ya testosteroni haileti mtoto

"Mke wangu hashiki mimba, nichome ile sindano ya nguvu nipate mbegu." Maneno haya yanatoka Malindi mjini, Watamu, Mambrui, kwa kijana wa jimu na kwa mzee wa baraza, na hayabadiliki. Aliyeyaanzisha simjui, ila nyumba alizoziharibu nazijua. Testosteroni, homoni ya kiume, ya kuchomwa haiongezi mbegu. Inazimaliza.

Korodani zina kazi mbili, kutengeneza testosteroni na kutengeneza mbegu, na zote mbili huamrishwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hutoa homoni mbili: LH, inayoziambia korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayosimamia mbegu. Ubongo nao hupima damu muda wote. Ukiona testosteroni imetosha, hupunguza amri. Chukua boya la tangi la maji juu ya paa: maji yakijaa, boya hunyanyuka na mfereji hujifunga. Sindano ni ndoo ya maji uliyopanda nayo juu ukamimina mwenyewe. Boya halina habari maji yametoka wapi, linafunga tu.

LH na FSH zikishuka karibu na sifuri, korodani hulala. Hapo ndipo mtu anapouliza: testosteroni yangu kwenye damu imepanda, mbegu zimekosaje? Ni kwamba mbegu hazikuzwi na testosteroni inayozunguka kwenye damu. Ndani ya korodani kwenyewe kiwango chake huwa mara makumi ya kile cha damu, na hicho hutengenezwa palepale kwa amri ya LH. Sindano ya takoni haiwezi kukifikisha huko. Ukiongeza dozi ndiyo kwanza unakaza mfereji.

Tena hili lilishapimwa. Shirika la Afya Duniani liliijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume: testosteroni enantheti, miligramu 200 kila wiki, na matokeo yakatolewa mwaka 1990. Ndani ya miezi 6 wengi wa wanaume wale hawakuwa na mbegu hata moja kwenye manii. Dawa unayoiomba ili upate mtoto, wenzio walichomwa ili wasipate. (Wala usiigeuze sasa ukaitumia badala ya kondomu. Wapo wachache ambao mbegu zao hazimaliziki zote, na huwezi kujijua kama umo.)

Kinachowadanganya wanaume ni kwamba nje kila kitu kinaonekana kizuri. Hamu imerudi, misuli imejaa, na manii yanatoka kama siku zote, kwa sababu sehemu kubwa ya manii hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume. Mbegu ni asilimia chache tu ya kile unachokiona. Macho hayawezi kugundua tofauti, darubini ndiyo inayogundua. Ishara pekee ya nje ni korodani kupungua na kuwa laini, na wanaume wengi hawana habari nazo mpaka ziume.

Muda wote huo anayezungushwa ni mke. Anapelekwa kwa daktari wa wanawake, anapigwa picha za mirija, ananyweshwa kombe, na mama mkwe ameshaanza kuulizia binti wa watu. Mume hajatoa hata tone la manii la kupima, naye ndiye anayechoma sindano.

Kwa hiyo sharti langu, na silegezi: mwanamume yeyote ambaye bado anataka mtoto, hata kama ni wa tano, apime manii kabla ya sindano ya kwanza. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa wala kujichua. Tolea kwenye kikopo cha maabara, bila mate, bila sabuni, bila mafuta, wala usitumie kondomu ya dukani. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, hivyo yakimwagika sema, usione haya ukakabidhi mabaki. Kikopo kifike maabara ndani ya dakika 60, kikiwa mfukoni karibu na mwili. Usikiweke kwenye barafu wala juu ya dashibodi ya gari kwenye jua la Malindi. Anayetoka Marafa au Ngomeni asijidanganye na matatu, atolee hukohuko maabara. Kikomo cha chini kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Jibu likiwa baya, rudia. Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, hivyo homa kali ya malaria ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo.

Na aliyekwisha kuchoma? Asiendelee, na asiache kimyakimya. Korodani zikiwa bado zimelala huku sindano imekwisha mwilini, kuna wiki kadhaa za uchovu, huzuni na kukosa hamu kabisa, na watu wengi hukimbilia tena sindano wakati huo. Aje apimwe LH, FSH na manii. Kwa wengi mbegu hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine huchukua miaka 2, na kwa wachache, hasa waliochoma miaka mingi, hazirudi vizuri. Zipo dawa za kuamsha: sindano za hCG, ambayo hufanya kazi ya LH, na vidonge vya klomifeni. Ndiyo, klomifeni ileile wanayopewa wanawake kukomaza mayai. Usicheke. Mwenye testosteroni ya chini kweli, na anataka mtoto karibuni, hutibiwa kwa njia hiyo.

"Jogoo hawiki, basi homoni zimekwisha." Mara nyingi sivyo. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu na ya fahamu. Vinavyoiharibu ni kisukari, presha, lehemu (kolesteroli), sigara na baadhi ya dawa za presha. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo tatizo la kusimama linaweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka. Anayekuja kutafuta homoni hupimwa kwanza presha, sukari ya kufunga au HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), na lehemu, na wapo wanaogundulika kisukari siku hiyohiyo. Upungufu wa testosteroni dalili zake ni nyingine: hamu yenyewe kufa, kutosimama alfajiri, ndevu kupungua kasi, nguvu za mwili kuisha, mifupa kulegea. Mtu mwenye hamu tele ambaye mwili haumtii ana tatizo la mabomba, na testosteroni haizibui mabomba.

Vumbi la Kongo, mkombero na unga wa kwenye karatasi za sokoni havina testosteroni. Vile vinavyofanya kazi ndani ya nusu saa vitilie shaka, kwa kuwa unga wa namna hiyo umeshakutwa mara nyingi umechanganywa na sildenafili, ile dawa ya Viagra. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akiunywa, presha inaweza kuporomoka akafa.

"Nimepima, iko chini, hii hapa karatasi." Karatasi hiyo ina mambo matatu ya kuangalia. Kwanza saa. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda, hivyo damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula. Karatasi nyingi zinazoletwa zimeandikwa saa 9 alasiri, baada ya pilau. Hizo ni za kutupa. Mvuvi anayekesha baharini na kulala mchana, asubuhi yake si ya watu wengine: apime ndani ya saa 2 au 3 tangu aamke. Ramadhani, usiku umegeuka mchana na daku limeliwa alfajiri, subiri Shawwal. Ukiwa na homa, au umetoka kulazwa, subiri pia.

Pili, vipimio. Maabara moja huandika ng/dL, nyingine nmol/L, nyingine ng/mL. Mtu anaona 4.5, anamsikia rafiki ana 450, anatoka jasho. Ikiwa 4.5 hiyo ni ng/mL, basi ni sawasawa na 450 ng/dL, yaani kama 15.6 nmol/L, na huyo ni mzima. Ikiwa ni nmol/L, hapo tuna mazungumzo. Mipaka ya chini inayotumika sana ni 264 au 300 ng/dL, kutegemea unafuata mwongozo upi. Mtu mnene apimwe pia SHBG, protini inayobeba testosteroni kwenye damu, kwa sababu kwake testosteroni ya jumla inaweza kuonekana chini ilhali ile huru iko sawa.

Tatu, karatasi moja haitoshi. Ni mbili, siku mbalimbali. Zote zikiwa chini, ndipo tunaongeza LH, FSH na prolaktini (homoni nyingine ya pituitari) kujua shida iko korodani au kwenye pituitari. Ukichoma kabla ya hapo umefuta ushahidi, kwani LH itashuka hata ingekuwaje.

Sababu nazo ziulizwe bila kuonana haya. Unga wa kulevya (heroini) na tramadoli hushusha testosteroni, na methadoni pia. Prednisoloni ya miezi mingi, vilevile. Matubwitubwi yaliyoshukia korodani baada ya kubalehe, selimundu, kitambi. Na usingizi: vijana wenye afya walioachiwa kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja walishuka asilimia 10 hadi 15. Anayetafuna muguka hadi usiku wa manane kisha akalalamikia homoni, aanze na muguka. Anayekoroma hadi pumzi kukatika atibiwe koromo hilo kwanza, testosteroni inaweza kulizidisha.

"Inaleta saratani ya tezi dume," na "inaua moyo." Haya yamekuzwa kuliko yalivyo. Utafiti wa TRAVERSE, uliochapishwa 2023, ulifuata wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 waliokuwa na maradhi ya moyo au hatari yake, na mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopewa jeli ya testosteroni. Ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda kwenye mapafu na matatizo ya figo ya ghafla vilionekana zaidi kwao. Saratani ya tezi dume haikuongezeka, lakini aliye nayo tayari bila kujua hafai kuanzishiwa, hivyo PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, hupimwa kabla. Ikizidi 4, au 3 kwa mwenye baba au ndugu aliyeugua, amwone daktari wa mkojo kwanza.

Ninachokihofia zaidi ni hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, na hakuna anayeniuliza. Testosteroni huamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu, damu ikawa nzito. Ikiwa juu ya asilimia 50 kabla ya kuanza, tafuta sababu kwanza. Ikivuka 54 ukiwa kwenye dawa, dawa inasimamishwa. Hupimwa kabla ya kuanza, kisha kati ya mwezi wa 3 na wa 6, halafu kila mwaka. Siku ya kupima kunywa maji vya kutosha, kwa maana mtu aliyekauka kwa joto letu damu yake hujionyesha nzito kuliko ilivyo.

"Dozi ni moja, miligramu 250, popote." Enantheti hutolewa miligramu 100 kwa wiki au 200 kila wiki mbili. Kwa wiki mbili, siku za mwanzo mtu anapaa na za mwisho anazama, kwa hiyo napendelea 100 ya kila wiki, na damu ya kufuatilia ichukuliwe katikati ya sindano mbili. Undekanoeti, testosteroni inayokaa mwilini muda mrefu, ya miligramu 1,000 hurudiwa wiki 6 baada ya ile ya kwanza, kisha kila wiki 10 hadi 14. Huchomwa polepole, kwa dakika 2 nzima, na mgonjwa hukaa palepale nusu saa, maana mafuta yakiingia kwenye mshipa huenda mapafuni na kuleta kikohozi na kukosa pumzi. Haichomwi jimu na rafiki. Sustanon 250 ina mafuta ya karanga, mwenye mzio wa karanga asiiguse.

Jeli nayo inapendwa na wanaoogopa sindano. Inapakwa asubuhi mabegani na sehemu ya juu ya mikono, viganja vioshwe kwa sabuni, ngozi ikauke, kisha shati livaliwe. Hapa kwetu mwanamume hushinda nyumbani na kikoi tupu, mtoto akamlalia begani, na hapo ndipo dawa inapohamia kwa mtoto: mvulana wa miaka 4 anaota nywele za sehemu za siri, na msichana vilevile. Baba asiyeweza kukaa na shati akubali sindano.