Kete ya Nne: Mchezo wa Ubaoni na Sayansi ya Milipuko ya Magonjwa

Pandemic ni mchezo wa ubaoni uliobuniwa na Matt Leacock na kutolewa mwaka 2008. Ubao wake ni ramani ya dunia yenye miji 48 na magonjwa manne. Wachezaji hawashindani wao kwa wao: wote hushinda au wote hushindwa. Sisi tunaochunguza magonjwa ya mlipuko tunaujua wasiwasi wa meza ile.

Kete moja ya ugonjwa, yaani kipande kidogo kinachowekwa juu ya mji kuonyesha maambukizi, haimtishi mtu. Mbili, bado mnaahirisha. Mji wenye kete tatu haupokei ya nne. Ugonjwa humwagika kwenye kila mji uliounganishwa nao, na jirani mwenye tatu naye hulipuka. Ukitokea mlipuko wa nane, mmeshindwa.

Katika maisha hakuna kizingiti cha kete nne, kuna kuzidisha. Mgonjwa mmoja wa surua, katikati ya watu wasio na kinga, huambukiza wengine 12 hadi 18. Chukua 15: hao 15 huzaa 225, na 225 huzaa 3,375. Ndiyo maana kuzuia surua kunahitaji watu wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Kila mgonjwa akiambukiza, kwa wastani, chini ya mtu mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe.

Mistari inayounganisha miji ndiyo sehemu ya kweli kabisa ya ubao ule, maana mistari hiyo ni watu. Ndui haikutokomezwa kwa dawa ya kuiponya. Alipopatikana mgonjwa, walichanjwa waliomkaribia, kisha waliowakaribia hao, hadi virusi vikakosa pa kwenda. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Hapo mchezo unapotosha kidogo, kwa kuwa unawafanya wachezaji waikimbilie tiba kana kwamba ndiyo ushindi wenyewe.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mezani kete zote ziko wazi. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza takriban siku nne kabla ya vipele kutokea. Kisha upite muda kabla hajafika kituo cha afya, sampuli ipelekwe maabara, majibu yarudi. Ramani tunayoitazama asubuhi ni ya siku zilizopita, na maamuzi yanatakiwa leo. Huu ndio ugumu ambao ningependa kila mtu auonje, kwa sababu anayeuelewa hadhani kwamba tuna haraka ya bure tunapofuatilia wagonjwa watatu tu.

Kuuonja ni rahisi. Mkicheza tena, mtu mmoja asiye mchezaji afunue kwa siri karata za maambukizi, zile zinazotaja miji ya kuwekewa kete, na kuziandika, kisha aweke kete ubaoni baada ya raundi mbili. Sikilizeni mtakavyobishana kuhusu mji wa kuukimbilia kwanza.