Makala kubatilishwa si lazima mwandishi awe mwizi

Miongoni mwa wanafunzi wa uzamili hapa Mombasa, habari kwamba jarida limebatilisha makala ya mhadhiri fulani, yaani limetangaza kwamba makala liliyoichapisha isitegemewe tena, husambaa upesi, na hukumu hutoka papo hapo: kaiba kazi ya wengine, au kapika data. Dhana hii ya miaka mingi inawaumiza watu wasio na hatia.

COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, inaeleza kwamba lengo la kubatilisha ni kusahihisha kumbukumbu za kitaaluma, si kumwadhibu mwandishi. Wizi na data za kubuni ni sababu, tena nzito. Lakini kosa la nia njema nalo latosha. Frances Arnold, mshindi wa Nobel ya kemia mwaka 2018, alitangaza mwenyewe Januari 2020 kwamba makala yake na wenzake ya 2019 katika jarida la Science imebatilishwa: majaribio yaliporudiwa hayakutoa matokeo yale, na daftari la maabara lilikosa baadhi ya data. Kwangu, huo ni uungwana mkubwa.

Wala makala haifutwi. Kwa kawaida hubaki mtandaoni, imepigwa alama ya kubatilishwa, pamoja na taarifa fupi inayosema ni nani aliyeibatilisha na kwa nini. Taarifa hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza.