Kuwa kwenye blakilisti haimaanishi umetuma spamu

Juzi jirani yangu hapa Kisauni kanijia mbio, ati seva yake ya meili aloiweka nyumbani imedukuliwa, manake meili zote zarudi na IP yake, namba ya laini yake kwenye intaneti, iko Spamhaus, shirika linaloweka orodha za IP ambazo meili zake huzuiwa. Nikamwambia tulia bwana, hujadukuliwa.

Wengi wadhani ukiwa kwenye orodha ya Spamhaus basi ushafanya ubaya. Kumbe wao wana orodha kadhaa, SBL na XBL ndio za wanaotuma spamu na mashine zilizoambukizwa, lakini PBL ni nyengine kabisa, hiyo ni rejista tu ya IP za majumbani, zile kampuni ya intaneti yakupa leo kesho yabadilisha, nayo yasema tu hizi hazifai kupeleka meili moja kwa moja kwa seva za watu kupitia poti 25, mlango seva zinamopelekeana meili. Yaani umo humo hata kabla hujawasha hiyo kompyuta yako!

Sasa usikimbilie SPF na DKIM, njia mbili za kuthibitisha meili yatoka kwako kweli, ukidhani zitakutoa. Ziweke, Gmail tangu Februari 2024 wataka angalau moja, lakini wataka pia PTR, rekodi inayogeuza IP kuwa jina, na hiyo iko mikononi mwa mwenye IP, yaani kampuni ya intaneti, sio wewe. Kwa laini ya nyumbani utazungushwa mpaka uchoke.

Jirani tulimwekea relei tu, yaani seva ya wengine ya kumpelekea meili zake, za kutoka zapita poti 587 kwa paswadi, sanduku lenyewe bado liko kwake chini ya kabati la vyombo, hapo joto la Mombasa ndio shida nyengine.