Kwa Nini Marafiki Zako Huonekana Maarufu Kuliko Wewe

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Kisumu, malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wa vyuo si ya mapenzi wala ya karo, bali ni ya hesabu: kwamba karibu kila mtu ambaye mwanafunzi anamfahamu ana wafuasi wengi mitandaoni kuliko yeye. Wazazi huyaita upuuzi wa simu. Mimi huyachukua kwa uzito, kwa sababu mara nyingi mwanafunzi huyo anasema kweli. Anapokosea ni katika maana anayoipa kweli hiyo.

Mwaka 1991, mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba, kwa wastani, marafiki wa mtu wana marafiki wengi kuliko mtu mwenyewe. Ni kama kitendawili, lakini vijana wanne wa Kondele wanatosha kukitegua. Tuseme kinyozi anafahamiana na fundi wa simu, mwendesha bodaboda na muuza mitumba, ilhali hao watatu hawajuani. Kinyozi ana marafiki watatu. Kila mmoja wa wengine ana rafiki mmoja tu, naye ni kinyozi huyo huyo. Basi watatu kati ya wanne, wakitazama orodha zao, watamwona mtu aliyewazidi mara tatu, ingawa hawana kasoro yoyote. Mwenye marafiki wengi huingia katika orodha nyingi. Asiye nao haonwi na mtu. Mitandaoni pengo hilo hupanuka, maana msanii hufuatwa na maelfu bila yeye kuwafuata.

Kwa nini hesabu hiyo iume? Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu asipokuwa na kipimo dhahiri hujipima kwa wenzake. Urembo, ucheshi na kupendwa havina mizani wala futi, ndiyo maana kibonyezo cha Like, ambacho Facebook ilikileta mwaka 2009, kilipokelewa kana kwamba mizani hiyo imepatikana hatimaye.

Picha nazo huchujwa. Jioni ukienda ufukwe wa Dunga utamkuta kijana akipigwa picha arobaini kando ya mashua ili apakie moja, na anayeitazama akiwa mtaani Nyalenda huilinganisha hiyo moja na siku yake nzima. (Nami nimewahi kusimama pale pale nikingoja jua lizame, nikigeuza upande wa uso ulio mwembamba.)

Tangu Mei 2021, Instagram humruhusu mtumiaji kuficha idadi ya laiki. Nilimshauri msichana mmoja aifiche. Aliporudi baada ya wiki mbili alisema kwamba sasa analala vyema kidogo, kisha akanionyesha idadi ya wafuasi wake, ambayo bado ilikuwa wazi kwa kila mtu.

"Na hii, Mwalimu, tutaifanyaje?"

Nikachukua kalamu na karatasi, nikaanza kumchorea kinyozi.