Mwerebi: kuotesha pingili ni rahisi, kuihamisha ndiyo kazi

Kila mwaka, baridi ya Julai inapoanza kulegea, wateja huja kitaluni kwangu hapa Nairobi wakiwa wameshika tawi la mwerebi walilolikata kando ya bwawa au walilopewa na jirani, na swali lao huwa lile lile: nifanye nini ili tawi hili litoe mizizi? Mimi huwajibu kwamba hilo ndilo jambo dogo kuliko yote, kwa kuwa ni miti michache inayoota kwa tawi kwa wepesi wa mwerebi. Miche mingi niliyoiona ikifa majumbani ilikufa ikiwa na mizizi tayari, siku chache tu baada ya kutolewa majini na kutiwa udongoni.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili atalikumbuka jina la mwerebi kutoka Isaya 44:4, panapotajwa mierebi iliyo karibu na mifereji ya maji, ingawa wengi wa wateja wangu hutumia jina la Kiingereza, willow. Aina wanayoitafuta ni ile yenye matawi yanayoning'inia hadi karibu na ardhi, ambayo wataalamu huiita Salix babylonica. Carl Linnaeus aliipa jina hilo la Babeli mwaka 1753 akiwa na mito ya Zaburi ya 137 akilini, lakini asili ya mti wenyewe ni China.

Wepesi wake wa kuota una sababu inayoonekana. Ndani ya gome la mwerebi, hasa karibu na vifundo, vianzio vya mizizi huwa vimekwisha kuumbika tawi lingali juu ya mti, navyo husubiri unyevu tu. Ndiyo maana siwashauri watu wanunue unga wa homoni ya kuoteshea. Fedha hiyo ni afadhali inunue mboji. Jambo ambalo pingili, yaani kipande cha tawi kinachooteshwa, haisamehi ni kupinduliwa. Mwaka 1878 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Vöchting, alichapisha majaribio ambamo vipande vya mwerebi vilitundikwa katika hewa yenye unyevu, vingine vikiwa wima na vingine vichwa chini, na mizizi ikazidi kutokea kwenye ncha iliyokuwa ya chini tawi lilipokuwa mtini, hata pale ncha hiyo ilipokuwa imeelekezwa juu. Kwa hiyo mimi hukata upande wa chini mshazari, chini kidogo ya jicho, na upande wa juu nikaukata sawa, ili hata msaidizi mgeni asikosee anapozichomeka.

Chagua tawi la mwaka mmoja, lenye unene wa penseli au zaidi kidogo, lisilo laini kama mchicha wala lisilokomaa hadi gome likapasuka. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30, uondoe majani yote isipokuwa mawili au matatu ya juu, kwa sababu majani huendelea kupoteza maji wakati ambapo hakuna mizizi ya kuyarudisha.

Kuhusu majira, maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, nao husema ukate wakati mti umelala usingizi wa theluji. Sisi hatuna theluji, na mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo mwerebi wa Nairobi haulali kikamilifu. Mimi hukata mwishoni mwa Agosti, mti mama unapokuwa umepunguza majani kwa baridi na macho yake yanaanza kuvimba. Miche hukaa mifukoni wakati wa mvua za vuli, hupita Januari na Februari chini ya kivuli, kisha huenda shambani mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi.

Sasa nije kwenye kuhamisha. Pingili iliyowekwa ndani ya ndoo ya maji yanayobadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu huonyesha mizizi katika muda wa wiki moja au mbili, nayo hupendeza macho. Nilipoanza kazi hii niliziacha pingili zangu majini kwa wiki sita, nikiamini kwamba mizizi mirefu ni nguvu, na nilipozipanda nyingi zilinyauka. Mizizi iliyokulia majini ni mepesi kuvunjika, ina vinyweleo vichache vya kufyonzea, na haijazoea kuyatafuta maji katikati ya chembe za udongo. Mche hulazimika kuota mizizi mingine huku majani yakidai maji kila siku. Tangu wakati huo huzihamisha pingili mizizi yake ikiwa na urefu wa sentimita mbili au tatu tu, katika mchanganyiko wa udongo mwekundu, mchanga wa mto na mboji iliyooza vizuri, na kwa wiki mbili za kwanza huuweka udongo ukiwa umelowa karibu kama tope, kisha hupunguza maji kidogo kidogo. Kwa kweli, siku hizi pingili nyingi huzichomeka moja kwa moja kwenye mfuko wa udongo, theluthi mbili zikiwa zimefukiwa, nazo huchelewa kuchipua lakini hazipitii mshtuko huo.

Mzee mmoja wa Embakasi aliniuliza kama udongo wake mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, utaufaa mti huu. Nilimwambia, "Mzee, udongo huo utaufaa kuliko mwekundu wa kwangu, maana unashika maji, shida ni ploti yako." Mizizi ya mwerebi husafiri mbali kutafuta maji, na ikikuta ufa katika bomba la maji taka huingia na kulijaza. Mimi sikubali upandwe chini ya mita 15 kutoka kwenye bomba, tangi la maji taka au msingi wa nyumba, na ploti ya futi hamsini kwa mia ina upana wa mita 15 tu. Mahali pake ni kando ya bwawa la shule, la kanisa au la shamba.

Mzee hakutaka kuuacha, basi tulikubaliana aupande ndani ya pipa la lita 200 lililokatwa nusu, likatobolewa matundu chini na kuinuliwa juu ya mawe, ili mizizi inayochungulia ionekane na ikatwe kabla haijafika ardhini. Kila mwaka huyapunguza matawi kabla ya masika, na kila baada ya miaka miwili huutoa mti, hupunguza mizizi ya pembeni na kubadilisha udongo.