Maana ya Tuzo ya Riwaya ya Upelelezi

Miongoni mwa vitabu vya Kiingereza vilivyokwisha kusomwa na wengine, ambavyo hapa Mtwara huuzwa kwa bei nafuu pamoja na majarida ya zamani, mara nyingine hukutwa riwaya yenye duara la rangi ya dhahabu kwenye jalada, na ndani ya duara hilo limeandikwa jina Edgar au Agatha. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu aliwahi kuniuliza kwa nini kitabu kimoja kiwe na waandishi wawili, mmoja ndani ya duara na mwingine chini ya anwani. Hakukosea kuuliza, kwani duara lile limetengenezwa kwa ajili ya msomaji ambaye tayari anajua kwamba Edgar si mwandishi wa kitabu bali ni tuzo.

Tuzo ya riwaya ya upelelezi ni heshima inayotolewa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, kwa kazi ya kubuni ambayo mhimili wake ni uhalifu na yale yanayotokana nao. Neno upelelezi katika jina hilo lisichukuliwe kwa ufinyu. Zimo riwaya za fumbo, ambamo msomaji hupewa dalili zilezile anazopewa mpelelezi na kuachwa ashindane naye. Zimo za taharuki na za majasusi. Na zimo ambazo hazimtegemei mpelelezi hata kidogo. Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, kwa mfano, alipata mwaka 2019 tuzo ya Anthony ya riwaya bora ya kwanza kwa kisa cha muuguzi wa Lagos ambaye anajua fika nani muuaji, maana ni mdogo wake mwenyewe, na kazi yake ni kusafisha damu. Hapo fumbo la nani kaua halipo, na tuzo ilitolewa bila wasiwasi.

Edgar ndiyo inayotajwa zaidi. Hutolewa na chama cha waandishi wa riwaya za mafumbo cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1945, nayo imepewa jina la Edgar Allan Poe, ambaye hadithi yake fupi ya mwaka 1841 kuhusu mauaji ya mjini Paris huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa hadithi ya upelelezi kama tuijuavyo. Mshindi hupewa sanamu ndogo ya kichwa na mabega ya Poe, na majina ya wanaoshindania hutangazwa mwezi Januari, mwezi aliozaliwa Poe. Jambo moja katika historia yake hunivutia kuliko sanamu yenyewe: tuzo za kwanza, mwaka 1946, zilikuwa na kundi la riwaya ya kwanza ya mwandishi, lakini kundi la riwaya bora ya mwaka halikuanza hadi 1954. Yaani chama cha mafundi kilianza kwa kumtazama mwanagenzi, kisha ndipo kikawageukia mafundi wenyewe.

Ili kujua tuzo fulani inapima nini, ni lazima kwanza kujua nani anayepima. Edgar huamuliwa na kamati za waandishi ambao ni wanachama, wanaosoma vitabu vilivyowasilishwa mwaka mzima. Anthony na Agatha, kwa upande mwingine, hupigiwa kura na watu waliojiandikisha kuhudhuria makongamano ya wapenzi wa riwaya hizi, na wengi wao ni wasomaji tu. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi ataielewa tofauti hii upesi. Korosho ikifika ghalani hupangiwa daraja na mtu mwenye ujuzi wa kuipima, na mkulima hana kura katika hilo. Lakini siku ya mnada, bei zikishatangazwa, ni mkutano wa wakulima wenyewe unaoamua kuuza au kukataa. Daraja na bei ni hukumu mbili tofauti juu ya gunia lilelile, na si ajabu zisilingane.

Agatha, iliyopewa jina la Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, na kutolewa tangu mwaka 1989, ina sharti lake pia: huenzi riwaya zisizo na ngono ya waziwazi wala ukatili uliopita kiasi, ambazo kwa kawaida mpelelezi wake si askari bali ni mtu wa kawaida mwenye macho makali. Ni riwaya za kusomwa kwa utulivu huku mtu akinywa chai, na ndiyo maana mshindi hukabidhiwa buli. Tuzo ya Shamus, iliyoanza 1982, hujali wapelelezi wa kujitegemea wanaolipwa na mteja, na haina la kusema kuhusu wengine.

Ufaransa wana tuzo ya namna ya pekee, ile ya Quai des Orfèvres, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kupewa jina la barabara ya Paris ambako polisi wa upelelezi walikuwa na makao yao. Hapo huwasilishwa miswada ambayo haijachapishwa, majina ya waandishi yakiwa yamefichwa, na jopo la kuihukumu huongozwa na mkuu wa polisi hao mwenyewe, akiwa na maofisa, mahakimu na waandishi wa habari. Wao huangalia, pamoja na ufundi wa lugha, kama kazi ya polisi na ya mahakama imeelezwa inavyofanyika kweli. Sidhani kama kuna aina nyingine ya fasihi ambamo mtu anayeandikwa habari zake huketi kumpa alama mwandishi.

Uingereza, ambako chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu kiliundwa mwaka 1953 kwa juhudi za John Creasey, zawadi kuu ni Jambia la Dhahabu. Mwaka 2005 lilichukuliwa na Arnaldur Indriðason wa Iceland kwa riwaya iliyotafsiriwa, na baada ya hapo kanuni ikabadilishwa ili Jambia hilo libaki kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Tafsiri zikatengewa jambia lao kuanzia 2006, ambalo hutuzwa mwandishi pamoja na mfasiri. Waliolaumu uamuzi ule walikuwa na hoja, lakini mfasiri ndiye aliyenufaika, kwani kabla ya hapo jina lake lilisomwa na wachache.

Kwa Kiswahili, uhusiano wa tuzo na riwaya ya upelelezi ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 hadi 1958 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa kitabu mwaka 1960, na kwa mswada huo mpelelezi Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, akaingia katika fasihi yetu. Shindano lile halikuwa la upelelezi. Lilikuwa la hadithi kwa jumla, na hadithi ya upelelezi ikazishinda nyingine. Hali ya leo inafanana na hiyo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza kutolewa 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, hupokea riwaya bila kuzigawa kwa aina.

Kwa hiyo mwandishi wa Masasi au Kilwa mwenye mswada wa mauaji yaliyotokea ghalani msimu wa mnada atauweka mezani pamoja na riwaya za ndoa, za historia na za siasa. Majaji watauliza kuhusu lugha, wahusika na dhamira. Lile ambalo jopo la Edgar lingeuliza mapema, kwamba je, dalili ya ukurasa wa kumi iliwekwa kwa haki au msomaji alichezewa, litategemea kama kati ya majaji hao yumo aliyekulia kwa Bwana Msa.