Bando Likiisha, Kikao Hakifutiki

"Fundi, hizi kalenda za mtandaoni sizitaki. Bando likikata, ratiba ya bosi nayo imekata."

Aliyesema ni katibu muhtasi wa ofisi moja huku Mtumba, Dodoma, dada makini kweli kweli. Nilimjibu kwa upole kwa sababu ndiye anayeshughulikia malipo yangu. Nyie hamnilipi, kwa hiyo mtanisikia vizuri.

Bando likikata, ratiba ipo. Google Calendar kwenye simu inaweka nakala ndani ya simu yenyewe: unasoma, unaongeza kikao, unabadili saa, na mabadiliko yanapanda ukirudi hewani. Kwenye Chrome ya kompyuta ndiyo kuna ubahili: bila intaneti unatazama tu, huandiki, tena uwe umewasha mapema mpangilio wa kutazama bila intaneti. Kwa upande mwingine, Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda iliyopakiwa kwenye mashine, inasoma kalenda ileile ya kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni inayoitunza) kwa CalDAV, utaratibu wa programu kuwasiliana na kalenda ya seva, uliopo tangu 2007. Kwa hiyo msiniulize "ya mtandaoni au ya kompyuta". Niulizeni nakala mama inakaa wapi.

Ikikaa kwenye diski moja, una moja. Kuna mteja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa. Bakapu alikuwa nayo, kwenye flashi. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye mashine hiyohiyo.

Sasa linalonikera hasa: faili la .ics, lile la kubebea ratiba kutoka kalenda moja kwenda nyingine. Muundo huu wa iCalendar ni wa 1998, ulifanyiwa marekebisho 2009, na bado watu wanautumia kama barua ya mnyororo. Mtu anatoa ratiba ya mwezi, anairusha kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja anaifungua, halafu wananiambia, "Sasa tumeunganishwa." Hamjaunganishwa, mmegawiwa picha. Bosi akihamisha kikao cha Jumanne kwenda Alhamisi, picha haisogei, na Jumanne watu saba wako ukumbini wanatazamana na chupa za maji. Kujiunga na kalenda kwa kiungo (link) ni jambo jingine: programu yako inarudi kuuliza kila baada ya muda kama kuna jipya. Lakini hata hapo msishangilie, maana kiungo cha kalenda ya nje kinaweza kuchukua saa nyingi kabla hakijasomwa upya. Kikao kilichosogezwa asubuhi kwa ajili ya mchana huohuo huenda kisiwafikie kwa wakati. Mnataka kuona badiliko papo hapo? Wote muwe kwenye seva moja, na kalenda mshirikishwe humohumo.

Na hakuna programu, ya hewani wala ya diski, itakayokuokoa ukiandika saa tatu asubuhi kuwa 3:00. Nimeshapigiwa simu saa tisa na dakika mbili usiku: "Fundi, kalenda yako imeharibika, inapiga kelele."

Halafu kusawazisha (sync) si bakapu. Ukifuta kwenye simu, kumefutika kila mahali. Google inakuwekea kwenye pipa la taka kama siku 30, baada ya hapo usinitafute.

Penye siri ndipo mimi mwenyewe sijatulia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kichwa cha kikao kinaweza kubeba jina la mgonjwa au la mtumishi anayechunguzwa, kikalala kwenye seva ya nje ya nchi. Nawaambia waandike "Kikao, chumba namba 2" na mengine yabaki kwenye jalada. Wanaitikia. Wiki mbili baadaye nakuta majina matatu kamili na kosa la kila mmoja.

Yule dada nimemwekea Thunderbird mezani, inasoma kalenda ya seva, na simu yake inasoma hiyohiyo. Juzi amewaambia wenzake kwamba fundi amekubali kumpa ya kwenye kompyuta. Sijamsahihisha, malipo bado hayajatoka.